Posho ya Njiani na Kodi: Mwongozo kwa Dereva wa Lori Anayetokea Tanga

Foleni ya saruji pale Pongwe haina haraka na mtu. Unafika alfajiri, unapanga kichwa cha lori lako nyuma ya tela la mwenzio, unasubiri. Ndipo kijana mmoja alipokuja nilipokaa, mkononi kashika hati ya mshahara iliyokunjwa mara nne.

"Shikamoo mjomba. Hebu nisomee hii. Hawa wananikata kodi mpaka ya wali?"

"Marahaba, mwanangu. Lete."

Mshahara shilingi 500,000. Chini yake neno moja tu, "posho", 400,000. Mchango wa hifadhi ya jamii, NSSF, 50,000. Kodi ya mshahara, PAYE, 90,500. Kijana hakukosea: wali wake ulikuwa umekatwa kodi, pamoja na chai, gesti na maegesho ya gari ambalo si lake. Na aliyemponza si TRA, wakusanya kodi. Ni jinsi posho ile ilivyoandikwa.

Mimi niliendesha lori miaka kumi na minne hadi mgongo uliponigomea. Sasa nawaandikia vitabu matajiri watatu wa malori hapa Ngamiani. Nimekaa pande zote mbili za meza, na karibu kila ugomvi wa posho niliouona unaishia swali moja: karatasi iko wapi?

Hatua ya kwanza: jua umesimama upande gani

Barabarani wote ni masuka, lakini mbele ya sheria ya kodi kuna watu wawili. Wa kwanza ni mwajiriwa: gari la tajiri, mzigo wa tajiri, wewe unalipwa. Ulipwe kwa mwezi au kwa tripu, uwe na mkataba wa maandishi au mliagana kwa mdomo chini ya mwembe, wewe ni mwajiriwa. Wa pili ni mwenye gari, hata kama ndiye huyo huyo anayeshika usukani.

Mwenye gari anafanya biashara, na biashara inaruhusiwa kutoa gharama zake kwenye mapato kabla kodi haijapigwa. Mwajiriwa hana nafasi hiyo. Hawezi kwenda TRA mwisho wa mwaka na mfuko wa rambo uliojaa risiti za ugali akaomba zipunguzwe kwenye mshahara. Kinachotolewa kwenye mshahara wake kabla ya PAYE ni mchango wake wa hifadhi ya jamii, basi. Akitaka chakula chake cha njiani kisiguswe na kodi, kazi hiyo ifanyike mapema, pale tajiri anapompa hela.

Nasisitiza hili kwa sababu vijana wananionyesha video za madereva wa Marekani wakieleza namna ya kukata chakula kwenye kodi. Ya kwao ni ya kwao. Hata huko, dereva aliyeajiriwa alipoteza nafuu hiyo kuanzia mwaka 2018. Wanaoendelea kuipata ni wenye malori yao, nao hutoa asilimia 80 tu ya gharama ya chakula. Usibebe sheria ya Texas ukaja nayo Barabara ya Kumi na Mbili.

Wala usilinganishe na rafiki yako anayeendesha gari la serikali. Baadhi ya posho za watumishi wa serikali, kama ya saa za ziada na ya mazingira magumu, zimesamehewa kodi na sheria yenyewe. Msamaha huo hautoki nje ya geti la serikali.

Hatua ya pili: piga hesabu ya PAYE mwenyewe

Usiseme hesabu hujui. Unajua kukadiria lita za dizeli kutoka Segera hadi Himo ukiwa na tani thelathini mgongoni. Hii ni nyepesi kuliko hiyo.

Anza na mshahara wa mwezi. Toa mchango wako wa NSSF, ambao kwa kawaida ni asilimia 10, na mwajiri anaongeza 10 yake. Kinachobaki kipitishe kwenye viwango hivi vya Tanzania Bara, vilivyoanza Julai 2021:

Hadi 270,000: hakuna kodi.
Kuanzia hapo hadi 520,000: asilimia 8 ya kinachozidi 270,000.
Hadi 760,000: shilingi 20,000, jumlisha asilimia 20 ya kinachozidi 520,000.
Hadi 1,000,000: shilingi 68,000, jumlisha asilimia 25 ya kinachozidi 760,000.
Zaidi ya milioni moja: shilingi 128,000, jumlisha asilimia 30 ya kinachozidi.

Bajeti husomwa kila Juni, kwa hiyo kila Julai litazame jedwali upya kabla hujagombana na mhasibu.

Turudi kwa kijana wa Pongwe. Kama mshahara wake ungesimama peke yake: 500,000 kutoa 50,000 inabaki 450,000. Kinachozidi 270,000 ni 180,000. Asilimia 8 ya hiyo ni 14,400. Hiyo ndiyo kodi yake.

Ofisi yake ikajumlisha posho. Sasa 900,000 kutoa 50,000 ni 850,000. Kinachozidi 760,000 ni 90,000, robo yake ni 22,500, jumlisha 68,000, unapata 90,500. Tofauti ni 76,100 kwa mwezi, na hela yenyewe wala hakukaa nayo. Iliishia kwa mama lishe wa Korogwe na wenye gesti wa Moshi.

Ukiwa na hati yako mkononi, angalia na makato yasiyokuhusu. Tozo ya mafunzo ya ufundi, inayoitwa SDL, na mchango wa mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, WCF, hulipwa na mwajiri kutoka mfukoni mwake. Ukiziona upande wa makato yako, uliza. Kama hupewi hati yoyote, nalo liulizie: sheria ya ajira inamtaka mwajiri akupe maelezo ya maandishi ya malipo na makato yako.

Hatua ya tatu: tenganisha posho na mshahara, kwa maandishi

Hapa ndipo penye nyama, twende taratibu.

Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004, kifungu cha 7, inahesabu posho kuwa sehemu ya kipato cha ajira. Posho ya kujikimu, ya safari, ya kukirimu wageni, zote zimetajwa. Anayekuambia "posho haina kodi" amekudanganya au amedanganywa. Lakini kifungu hicho hicho kinaacha mlango mmoja wazi: posho ambayo ni kukurudishia tu kile ulichotumia kwa ajili ya kazi, kwa ukamilifu na si kwa jambo jingine, haihesabiwi kuwa kipato chako.

Yasome tena maneno hayo: kukurudishia ulichotumia. Siyo kukuongezea, siyo kukupooza moyo kwa sababu mshahara ni mdogo. Kwa hiyo laki moja inaweza kuwa na kodi au isiwe nayo, kutegemea ilivyokwenda. Tajiri akikupa laki moja kila tripu na asiulize kitu, ukila mihogo na kulala kwenye kichwa ili zikubakie themanini, hiyo ni nyongeza ya mshahara, hata mkiibatiza jina gani. Akikupa laki moja kama masurufu, ukarudi na maelezo ya ulivyotumia na kilichobaki, umetumia hela ya ofisi kwa kazi ya ofisi. Hapo hakuna kipato cha mtu.

Masurufu ni neno la zamani la ofisini, na ningependa madereva walichukue. Maana yake ni fedha unayokabidhiwa kwa safari na ambayo utaitolea hesabu. "Posho" limeshabeba maana nyingi mno. Kila mtu analisikia anavyotaka.

Basi mwendee tajiri, au karani wake, mkaandikishane ukurasa mmoja. Si lazima uwe na wakili. Mimi huwaandikia hivi:

"Dereva atapewa masurufu ya safari kwa ajili ya chakula, malazi, maegesho na gharama nyingine za njiani. Masurufu si sehemu ya mshahara. Dereva atarejesha hesabu ndani ya siku tatu baada ya kurudi, pamoja na risiti au vocha. Kitakachobaki kitarudishwa ofisini. Kitakachozidi kwa sababu ya msingi, dereva atarudishiwa."

Hiyo sentensi ya mwisho matajiri huipinga. Ishikilie. Gari likiharibika Mkata ukakaa siku mbili unasubiri fundi kutoka mjini, masurufu ya siku moja hayatakutosha, na utakula hela ya ada ya mtoto.

Kiwango mkubaliane kwa njia, si kwa jina la dereva. Tanga mjini hadi Horohoro, mpakani na Kenya, ni kilomita zipatazo 65. Unakwenda na kurudi siku hiyo hiyo, waja leo waondoka leo kama ilivyo ada ya mji wetu. Chakula cha mchana na maji vinatosha. Arusha ni kulala. Kuvuka mpaka wa Tunduma ni habari nyingine, maana foleni ya mpakani haina adabu, na kiwango kihesabiwe kwa siku za kukaa, si kwa kilomita.

Nikiwa bado hapo, na utingo naye aandikwe. Nimeona ofisi zikimpa dereva masurufu ya mtu mmoja huku gari lina watu wawili, kisha karani akashangaa kwa nini risiti ina sahani mbili.

Jambo dogo ambalo wengi hawalijui: tajiri akiwa na jiko lake yadini na wafanyakazi wote wanakula hapo bila ubaguzi, chakula hicho hakihesabiwi kipato cha mtu. Yadi yenye malori kumi ikimweka mama mmoja wa kupika, dereva anaondoka ameshiba na hakuna risiti ya kudaiwa. Wachache wanafanya hivyo. Sijui wanaogopa nini, maana kuni ni zao na unga ni wao.

Na sasa la uchungu. Wapo matajiri wanaopenda kukuandikia mshahara kiduchu na kukuongezea "posho" kubwa, na wapo madereva wanaoshangilia kwa kuwa PAYE inapungua. Nilishangilia pia, ujana huo. Lakini NSSF yako inakuwa kiduchu. Likizo inalipwa kwa mshahara ule ule mdogo, na siku ukiachishwa, kiinua mgongo kinapigwa kwa huo. Ukienda benki kuomba mkopo wa kiwanja Kange, afisa anatazama mshahara, haangalii posho. Madereva walipogoma nchi nzima Aprili 2015, mikataba ya ajira ilikuwa miongoni mwa madai yao, na ubishi haukuwa wa mshahara pekee. Posho ilipie wali. Jasho lilipwe na mshahara.

Hatua ya nne: risiti na daftari

Nunua daftari gumu la kurasa mia, usiandike kwenye simu tu. Simu huibwa Chalinze, huanguka chooni, huisha chaji. Daftari linakaa kwenye kisanduku cha mbele na hakuna mwizi anayelitaka.

Kila safari ianze ukurasa mpya: tarehe, namba ya gari na ya tela, mzigo, unakotoka na unakokwenda, namba ya hati ya mzigo, kilomita za kuanzia, masurufu uliyopokea. Kisha unaandika palepale unapotumia. Mfano wa tripu ya saruji kwenda Arusha, watu wawili, masurufu 120,000 (bei weka za kwako):

Jumanne. Chai Korogwe 5,000. Mchana Same 12,000. Usiku Moshi 12,000. Gesti Moshi 20,000.
Jumatano. Chai Arusha 5,000. Maegesho 5,000. Mchana 12,000. Usiku Mombo 12,000. Gesti Mombo 15,000.
Alhamisi. Chai Mombo 5,000.
Jumla 103,000. Imebaki 17,000.

Hizo 17,000 ndizo zinazompima dereva. Zikirudi ofisini, hesabu imefungwa. Tajiri akisema "kaa nazo suka, umefanya kazi", hakuna ubaya, ila ziandikwe kama nyongeza na ziingie kwenye mshahara wa mwezi huo, zipigwe PAYE. Usimfundishe utingo kutunga risiti ya 17,000 ili hesabu ikae sawa. Karani mzoefu anaijua harufu ya risiti ya kutunga: mwandiko mmoja, kalamu moja, miji mitatu.

Penye mashine ya risiti za kodi, EFD, dai risiti. Kituo cha mafuta, duka la spea, gesti kubwa, hoteli: waandike jina la kampuni ya tajiri na namba yake ya mlipakodi, TIN, na kwenye mafuta waandike namba ya gari. Risiti isiyo na jina la mnunuzi inazua maswali, kwa sababu inaweza kuwa ya yeyote. Na hiyo si shida ya tajiri peke yake. Mnunuzi asiyedai risiti anaweza kupigwa faini. Maofisa hukaa hatua chache nje ya kituo cha mafuta wakakuuliza uliyopewa iko wapi.

Karatasi ya EFD ni ya joto, haipendi jua. Ukiiacha juu ya dashibodi, kwa joto hili letu la Tanga, ukifika Segera imeshaanza kuwa nyeusi, na baada ya wiki huoni namba hata moja. Ipige picha hapo hapo pampuni, kisha iingize kwenye bahasha ya khaki, mbali na injini. Mimi nilipoteza risiti za miezi miwili kwa kuziweka chini ya zulia la kichwa, mahali ambapo gia boksi inapumulia.

Sasa mama lishe. Hana EFD, na walio wengi biashara yao ni ndogo mno kutakiwa kuwa nayo. Usimsumbue. Beba kitabu cha vocha, kile kidogo cha dukani chenye nakala. Andika tarehe, mahali, mlichokula, kiasi, jina lake na namba yake ya simu, naye asaini au aweke dole gumba. Ukilipa kwa simu ni bora zaidi: ujumbe wa M-Pesa au wa Airtel Money una saa, kiasi na jina, na haupauki. Kuna mama mmoja wa uji na bajia, stendi moja ya njiani, alinitazama nikimwomba asaini, akasema, "Baba, bajia mbili hizi unataka kunipeleka mahakamani?" Alisaini akicheka. Baadaye kila nikipita anauliza kwanza, "Leo kuna mtihani?"

Ukivuka Horohoro ukaingia Kenya, risiti ni za shilingi ya Kenya. Andika pembeni kiwango cha kubadilishia cha siku ile, siyo cha siku unayorudi. Na usichanganye bahasha. Ya nje ya nchi iwe yake.

Hatua ya tano: rejesha masurufu

Ndani ya siku tatu, kabla hujasahau. Karatasi moja: ulichopokea, ulichotumia kwa mafungu, kilichobaki au kilichozidi. Bandika risiti kwa tarehe, saini, karani asaini, wewe ubaki na nakala. Nakala! Karani huondoka, kompyuta hufa, tajiri husahau.

Ofisini hizo karatasi zinatakiwa zihifadhiwe miaka 5, kwa kuwa TRA wana haki ya kuja kuzikagua. Wewe weka zako kwenye bati la biskuti juu ya kabati, mchwa wasifike.

Hatua ya sita: kama tajiri ni wewe mwenyewe

Hongera. Kwanza jua uko kwenye mfumo upi. Mtu binafsi ambaye mauzo yake kwa mwaka hayazidi shilingi 100,000,000 anaweza kulipa kodi ya makadirio, na kwa vyombo vya usafirishaji kuna viwango vinavyotazama ukubwa wa gari. Ni rahisi, unajua unadaiwa ngapi. Ila ukiwa humo hakuna cha kutoa gharama: dizeli, matairi, wali, vyote havina nafasi. Mwenye kenta la kubeba machungwa ya Muheza huenda likamfaa. Mwenye semitela ya masafa marefu, mauzo yatamvusha kwenye mstari huo upesi. Kampuni nayo haimo. Inalipa asilimia 30 ya faida.

Ukiwa kwenye hesabu kamili, unatoa gharama zilizotumika kuzalisha mapato ya gari: dizeli, oili, matairi, fundi na spea, bima, leseni ya usafirishaji ya LATRA, ushuru wa barabara, maegesho, mshahara wa dereva na utingo pamoja na masurufu yao, riba ya mkopo. Riba, narudia. Marejesho ya mkopo wenyewe siyo gharama, na ni kosa ninaloliona kila mwaka.

Bei ya gari hutoi kwa mkupuo. Lori zito na tela vinahesabiwa uchakavu wa asilimia 25 kwa mwaka ya thamani iliyobaki. Lori la milioni 80: mwaka wa kwanza unatoa milioni 20, wa pili 15, wa tatu 11.25, na kuendelea. Kenta linalobeba chini ya tani 7 lina kiwango kikubwa zaidi, asilimia 37.5. Hiyo peke yake inashinda risiti za wali za mwaka mzima, na bado nakutana na wenye magari wasioijua.

Chakula chako mwenyewe, tajiri unayeendesha, ni pagumu. Sheria haikubali matumizi ya mtu kujitunza yeye na familia yake kuwa gharama ya biashara. Chakula cha nyumbani Mabawa kisikaribie kitabu. Cha njiani ukitaka kukitetea, hakikisha kinakwenda sambamba na tripu, tarehe kwa tarehe, na kaa na mhasibu kwanza. Walio wengi kati ya ninaowaandikia wamefungua kampuni, wakajilipa mshahara kama dereva na kurejesha masurufu kama wengine.

Visivyotoka kamwe: faini. Ukizidisha uzito ukanaswa mizani ya Vigwaza au ya Himo, faini ile ni yako na faida yako, haipunguzi kodi. Na ile "chai" ya pembeni ya barabara, hiyo sheria imeitaja kwa jina lake halisi, rushwa, na kuikataa. Kuna tajiri alinipa daftari lenye safu nzima imeandikwa "askari". Nilimrudishia.

Tarehe: PAYE ya wafanyakazi wako ndani ya siku 7 baada ya mwezi kuisha. Kodi yako ya awamu mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba, kwa anayefuata mwaka wa kalenda. Ritani ya mwaka hadi 30 Juni ya mwaka unaofuata.

Hatua ya saba: makato ambayo siyo kodi

Madereva wanalia kodi, lakini kinachowamaliza mara nyingi ni "upungufu". Upungufu wa dizeli, mifuko mitatu ya saruji imepasuka, tairi limepasuka, kioo. Kampuni moja niliyoifanyia kazi zamani ilinikata miezi mitatu mfululizo kwa lita za dizeli zilizopotea, hadi fundi alipolala chini ya gari akakuta bomba linavuja. Hela hazikurudi. Sikujua kwamba nilikuwa na la kusema.

Lipo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 28, inasema mwajiri asikate mshahara kwa hasara mpaka hasara hiyo iwe imetokea kazini kwa kosa lako, akuandikie sababu na kiasi, akupe nafasi ya kubisha, na makato hayo yote yasizidi robo ya mshahara wako. Kwa mshahara wa 500,000, mwisho ni 125,000 kwa mwezi. Wakikuletea karatasi ya "nakubali kukatwa" wakati hujala tangu jana na unataka kwenda kulala, iombe, iweke mfukoni, isaini kesho ukishaisoma.

Wakikataa kusikiliza, peleka mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Ofisi ipo hapa Tanga. Kwa madai kama haya una siku 60; kama umeachishwa kazi na unapinga, una siku 30 tu. Siku hizo zinakimbia hata ukiwa safarini Lubumbashi. Hapo ndipo daftari lile gumu litakapofunguliwa mezani, kilomita kwa kilomita, lita kwa lita.

Na angalau mara mbili kwa mwaka pita NSSF uombe taarifa ya michango yako. Kukatwa kwenye hati ni jambo moja, kufikishwa ni jingine.

Kijana wa Pongwe alikwenda na ule ukurasa wangu ofisini kwao. Walibishana wiki mbili, hasa kwa ile sentensi ya mwisho, kisha wakasaini. Mwezi uliofuata alinitumia picha ya hati yake kwa simu. PAYE: 14,400. Chini ya picha ameandika, "Mjomba, sasa ile supu ya Mombo, mama amegoma kusaini. Anasema mumewe atauliza."

Nikamjibu alipe kwa simu.